Fagio la Asubuhi za Ukungu

Mugisha amenikalia kooni wiki nzima niandike haya kabla sijapanda ndege. Anasema nyinyi wafanyakazi wapya mliokuja juzi mnajua kubonyeza simu lakini hamjui kusoma ubao. Basi nimekaa hapa Muraqqabat, mjini Dubai, mabegi mawili yamefungwa, la tatu limegoma kufungika, naandika. Msitafute humu habari za vyeo. Niliingia nikiwa mtu wa getini, natoka nikiwa mtu wa getini, na katikati nilibadilishiwa kiti mara moja kwa sababu cha kwanza kilivunjika. Nitawaeleza ubao, nitawaeleza fagio, na nitawaeleza watu wawili: Maalim Khatibu aliyenifundisha kazi, na Mugisha mwenyewe, ambaye kwa misimu tisa nilimficha jambo moja. Nilimficha kwamba asubuhi aliyokuwa anakufa aliniita, nikamsikia, nikanyamaza.

Nianze na mahali penyewe, kwa asiyepajua. Ukishaiacha Dubai ya maghorofa ukashika njia ya Hatta, kuna barabara ya vumbi inayoingia jangwani, na mwisho wake ndipo geti letu. Ardhi si ya klabu. Ni ya arbab mmoja, yaani bwana mwenye mali, mzee ambaye nimemwona mara tatu tu maisha yangu, na klabu imeikodi kwake. Imegawanywa vitalu kumi na viwili. Vinane ni vichuguu vya mchanga vya watu wa kipanga, wanaokuja na ndege wao mkononi kuwinda hubara, yule ndege mkubwa wa jangwani. Hubara wenyewe ni wa kufugwa, tunawaachia asubuhi kwa kibali. Wa porini hawaguswi, na mkitaka kujua sheria ina meno gani, mguseni mmoja. Vinne vilivyobaki ni mabwawa ya watu wa ndoano. Mabwawa hayo yamechimbwa mchangani yakatandikwa plastiki nene nyeusi ili maji yasipotee. Samaki ni bulti, yaani perege, na kambare. Ikumbukeni hiyo plastiki.

Sasa, mwanachama wa klabu hii hapewi mwongozaji. Anakuja na gari lake, anachagua kitalu, anaingia peke yake, anajiongoza mwenyewe mpaka atakapochoka. Hakuna wa kumbebea wala wa kumwonyesha samaki wako wapi. Mwanzoni niliona ni kichekesho, mtu mzima mwenye ofisi na madereva watatu anakuja kutafuta mahali ambapo hatasemeshwa na mtu. Maalim akanieleza kwamba ndicho wanachokifuata huku. Nyumbani wanaitwa tangu asubuhi mpaka usiku, na huku wanataka siku moja wasiitwe na yeyote.

Ndiyo maana ya ubao. Ubao uko ukutani ofisini, una misumari kumi na miwili, na kila msumari una kibao cha shaba chenye namba ya kitalu. Mwanachama anachukua kibao cha kitalu chake, anakivaa shingoni, anaandikwa jina na saa kwa penseli. Msumari mtupu maana yake kuna mtu ndani. Msumari ukiwa mtupu, hakuna mwanachama mwingine anayeingia, na mfanyakazi haingii ila kwa dharura. Hatupigi kelele wala filimbi. Geti halifungwi jioni mpaka vibao vyote kumi na viwili viwe ukutani. Kazi ni hiyo, na inaonekana nyepesi mpaka uikosee mara moja.

Siku yangu ya kwanza nilishuka kwenye basi la wafanyakazi kutoka Al Qusais, jua halijatoka, nimevaa viatu vya mjini vilivyonila vidole. Nilidhani nitaonyeshwa kiti. Maalim Khatibu akanipa fagio. Lilikuwa fagio la chelewa, amelifunga mwenyewe kwa njiti za mitende ya pale pale shambani. Nikamwambia, "Maalim, hapa ni jangwani. Nifagie nini?"

"Fagia mchanga uliokuja jana, Bi Rukia," akasema. "Wa leo tutaufagia kesho."

Alikuwa mtu wa Unguja, wa zile familia zilizohamia huku zamani na Kiunguja chao hakijapata kutu. Mwembamba, kanzu chini ya koti la kazi, na mdomo mkali. Penseli yake aliifunga uzi kwenye ubao ili isiazimwe. Kalamu ya wino hakuitaka, akisema joto la Agosti huitoa jasho na jina la mtu likaenea ukurasa mzima. Alinifundisha kutazama ubao kila ninapopita, hata nikienda chooni. Alinifundisha kuhesabu magari yanayotoka lakini nisiyaamini, kwa sababu gari linaweza kutoka na dereva tu na mwenyewe akabaki ndani. Ilishatokea. Kibao hakiwezi kutoka bila shingo, alisema, basi amini kibao.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuja lenyewe, msimu wangu wa kwanza, asubuhi ya ukungu.

Nyinyi mmeshauona ukungu wa Januari. Unatoka baharini usiku, alfajiri umeshafika jangwani, na ukisimama getini huioni hata bendera iliyo juu ya kichwa chako. Mchanga unanuka maji. Asubuhi hiyo hakuna mwanachama aliyethubutu barabara, vibao vyote kumi na viwili vilikuwa ukutani. Mimi nafagia, Maalim amesimama mlangoni na kikombe chake. Sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani, upande wa mabwawa. "Khatibu." Haikupiga kelele. Ilikuwa ile sauti ya kumwita mtoto aliye chumba cha pili aje ale. Nikafungua mdomo nimwambie anaitwa, akaninyooshea kidole ninyamaze. "Khatibu," ikaita tena. Tukasubiri. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati na niliyasikia moja moja. Mara ya tatu haikuja.

Maalim akamwaga chai yake mchangani. "Ukiitwa na usiyemwona," akaniambia, "usiitike mpaka mara ya tatu. Aliye hai ataita tena. Yule mwengine hafiki tatu."

Wala sikuhitaji kufundishwa. Bibi yangu alitulea hivyo hivyo kule kwetu Majengo, na alikuwa akitufinya kabisa tukiitika ovyo magharibi ikiingia. Lakini kusikia hadithi ya bibi ni kitu kimoja, na kusimama na fagio mkononi ukaisikia sauti yenyewe ni kitu kingine. Nikamwuliza Maalim ile ilikuwa sauti ya nani.

"Ya mama yangu," akasema. "Nimemzika mwenyewe, Unguja." Akaingia ndani, akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

Hatukulizungumza tena. Nilichokishika mimi ni hicho tu, mpaka mara ya tatu, na nilikishika sawasawa na jinsi nilivyoshika mambo ya vibao.

Mugisha alikuja miaka kadhaa baadaye, mlinzi, jitu la Mbarara lenye sauti ya chini na aibu ya mtoto mpya shuleni. Mkristo, anaishi Discovery Gardens na wenzake sita, safari ya kuja kazini peke yake inamaliza nusu ya usingizi wake. Kiswahili hakukijua. Kwao, alisema, kilikuwa cha askari na wezi, na hakuona kama yeye ni mmoja wao. Akakijifunza kwangu pale getini, na hapo ndipo alipoharibikiwa, kwa sababu alikijifunza kama nikisemavyo mimi. Mwaka mzima, ukimwita Mugisha, anaitika "Bee" kama binti wa Majengo aliyetumwa sukari, mpaka siku Maalim alipomwuliza mumewe ni nani. Tulicheka hadi chai ikatutoka puani. Tangu hapo anaitika "Naam," lakini ukimshtukiza, ile "bee" bado imo.

Na mimi aliniita Mama Rukia. Nikamweleza kwamba kwetu Mama Rukia ni mama aliyemzaa Rukia, na huyo keshalala kaburini zamani; mimi aniite Bi Rukia, au Mama tu, basi. Akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akasema, "Nimeelewa, Mama Rukia." Nikamwachia. Dunia nzima ni yeye peke yake anayeniita hivyo, na hilo nalo likumbukeni.

Maalim alipostaafu alinikabidhi ubao, penseli na uzi wake. Hakutoa hotuba. Alinitazama nikifagia mara ya mwisho, akasema kona ile pale nimeiacha.

Sasa habari ya kamba. Bwawa la plastiki lina ubaya wake. Kuta zake zimelala kwa mteremko, na chini ya maji zinaota utelezi wa kijani. Aliyeingia hatoki. Anapanda hatua moja, anateleza mbili, hakuna pa kushika, na awe anajua kuogelea ama hajui mwisho wake ni kuchoka. Kwa hiyo zamani kila bwawa lilikuwa na kamba nne, kila pembe moja, zimefungwa kwenye chuma huko juu na ncha zake zinaelea majini. Ikaja siku mwanachama mmoja wa ndoano akanasa kwenye kamba, akampoteza kambare ambaye, kwa alivyomweleza, alikuwa mkubwa kumshinda Mugisha. Akalalamika. Ikatoka amri kamba zitolewe. Mimi na Mugisha ndio tuliozitoa, kwa mikono yetu. Nilipokuwa naikunja ya mwisho nilijiambia nitauliza kama kweli hili ni sawa. Nikazitundika stoo. Sikuuliza.

Na siku zile wafanyakazi hatukuwa na vibao. Ubao ulikuwa wa wanachama. Sisi tuliingia na kutoka kwa kuambiana tu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu mzito kuliko ule wa mwanzo. Hakuna aliyekuja, vibao vyote kumi na viwili ukutani. Mugisha alikuwa jikoni, nyuma ya ofisi, anapika chai ya maziwa. Mimi nimetoka mbele na fagio langu, nafagia kwa mazoea tu, maana hata saruji niliyoikanyaga siioni. Ule mlio wa chelewa kwenye saruji ndio uliokuwa ukiniambia bado nipo duniani.

"Mama Rukia."

Ilitoka ndani, upande wa mabwawa. Sauti ya Mugisha. Na Mugisha, kwa ninavyojua mimi, yuko jikoni nyuma yangu na sufuria. Fagio likasimama mkononi. Nikasema moyoni, leo limekuja langu, na limejua litumie sauti gani.

"Mama Rukia," ikaita tena.

Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya chini, karibu sana, kama ya mtu aliyesimama ng'ambo ya geti. Nilibana midomo kwa mkono. Nikasubiri ile ya tatu. Nilisubiri nikiwa nimesimama hivyo hivyo, na matone yanadondoka kutoka kwenye bati, na ya tatu haikuja.

Nikaingia ofisini, nikafunga mlango kwa funguo. Nikatazama ubao: vyote kumi na viwili. Kwa hiyo hakuna mtu ndani, na kama hakuna mtu ndani, basi nilichokisikia si mtu. Hesabu ilikubali kabisa. Nikakaa nikasoma Yasini, yote, kwa sauti ya juu, nisije nikasikia kingine. Nilipomaliza sikufungua mlango. Nikaisoma tena.

Baada ya ile ya pili ndipo nikajiuliza mbona chai haijaja.

Nikaenda jikoni. Vikombe viwili vilikuwa mezani, vimemiminwa, utando wa maziwa umeganda juu. Mlango wa nyuma wazi. Ukutani, ile taa nyekundu ya pampu ya bwawa la nne ilikuwa inawaka, na redio ya mawasiliano ya Mugisha ilikuwa kwenye chaji. Wanangu, sijui niwaelezeje. Nilielewa yote kwa mara moja. Aliiona taa, akatoka kwenda kusafisha chujio la pampu, akijua atarudi aipashe chai. Hakuniambia kwa sababu ni kazi ya kila siku, na huko ameteleza. Na mimi nilikuwa nimejifungia ndani, namsomea Yasini mtu aliye hai ili asinifikie.

Nilikwenda stoo nikaichukua ile kamba, ile niliyoikunja mwisho. Njia ya bwawa la nne imewekewa matairi yaliyopakwa rangi nyeupe. Ukungu ulikuwa haukuonyeshi zaidi ya matairi mawili, kwa hiyo nilikuwa nafika kwenye moja natafuta jingine. Nilikuwa na miaka hamsini na mguu mbovu, na nilikimbia. Nilimwita. "Mugisha." Kimya. "Mugisha." Kimya. Nikaita ya tatu, ya nne, ya kumi, nikaacha kuhesabu. Niliona aibu ambayo siwezi kuwaeleza, maana sasa mimi ndiye niliyekuwa sauti ndani ya ukungu, nami nilitaka kuitikiwa.

Nilichosikia ni kitu kinagonga chuma. Pole pole, kikaacha, kikagonga tena. Alikuwa majini mpaka kidevuni, amelikumbatia bomba la pampu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una spana. Midomo imegeuka rangi ya majivu. Hakuweza kusema. Maji ya Januari huku jangwani msiyachukulie mchezo. Nikafunga kamba kwenye chuma cha pampu, nikamrushia. Vidole havikushika. Nikafanya kitanzi, nikarusha tena, nikamwambia apitishe kichwa, kisha bega, kisha bega la pili. Alinitii kama mtoto anayevalishwa fulana. Nikakaa chini mchangani, miguu nimeikaza kwenye ukingo, nikavuta. Jitu lile nisingeliweza siku nyingine yoyote. Ule utelezi uliomzuia kupanda ndio uliomtelezesha akaja, taratibu, mpaka akalala kifudifudi mbele yangu, anatapika maji ya kijani.

Nikamvisha leso yangu, nikamsugua mgongo, nalia. Baada ya muda akaanza kupata maneno.

"Nilikuita," akasema. "Mara mbili. Nilikuwa nasikia fagio lako, Mama Rukia. Shwaa, shwaa. Nikakuita, likasimama. Nikasema, amesikia, anakuja. Nikaacha kuita, nisimalize nguvu."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini ya tatu haikuja.

Akanitazama. Mimi nikainamia kile kitanzi, nakifungua. Akasema mwenyewe, "Ulikuwa unatafuta kamba?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hiyo ndiyo "ndiyo" niliyoibeba misimu tisa. Nimeibeba kwenye basi la Al Qusais, nimeibeba kwenye sala. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie, nikaishia kumwuliza kama ameshakula. Niliogopa ataniita Bi Rukia, kama wengine wote.

Kamba zilirudi wiki hiyo hiyo. Nilimpigia meneja simu nikamwambia, sir, kamba zinarudi leo, na asiyezitaka aje mwenyewe azitoe, mimi nitamtazama. Akasema khalas, basi, zirudi. Vile vibao vyekundu mnavyovaa nyinyi wafanyakazi, ambavyo mnalalamika vinawachafulia shati, vilianza mwezi ule. Mugisha ndiye aliyevipaka rangi.

Kuna jambo moja hatukulipatia maelezo. Kutoka getini mpaka bwawa la nne ni mwendo wa robo saa, na katikati kuna vichuguu vitatu. Siku moja, anga safi, tulijaribu. Alisimama bwawani akaniita kwa kifua chote. Getini sikusikia chochote. Mimi nikafagia mpaka chelewa zikavunjika. Yeye hakusikia chochote. Tukajaribu tena asubuhi ya ukungu, na ikawa vile vile. Mugisha akasema labda upepo. Siku ile hapakuwa na upepo, na yeye anajua. Tukaliacha.

Januari hii, wiki ya mwisho kabla ya barua yangu ya kustaafu, ukungu ulishuka tena. Vyote vilikuwa ukutani, vya shaba na vyekundu. Nilihakikisha, kwa sababu siku hizi nahakikisha kabla sijagusa fagio. Mugisha alikuwa ndani, mezani, dirisha wazi, anaandika tarehe kwenye daftari. Nilikuwa namwona kichwa na bega. Mimi nje, nafagia.

"Mama Rukia."

Kutoka upande wa mabwawa. Sauti yake, ya chini, na karibu. Nikageuka dirishani. Mugisha alikuwa ameinua kichwa. Penseli ilikuwa imesimama kwenye karatasi, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Naye ameisikia. Nilimwona usoni kwamba ameisikia, na ameijua ni ya nani.

Sikuacha kufagia. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilifagia mara mbili, mara tatu, naangalia ule weupe. Ubao ulishaniambia hakuna mtu ndani. Bibi yangu na Maalim walikuwa wameshanifundisha la kufanya. Na mimi nilikuwa nimeshafanya hivyo mara moja.

"Mama Rukia," ikaita.

"Bee," nikasema. Nilisema kwa sauti, kama nilivyofundishwa kuitika nikiitwa na mkubwa. "Bee, mwanangu. Nimekusikia."

Matone kwenye bati. Hakuna kilichokuja wala kilichojibu, ila ule mzizimo niliokuwa nao mgongoni tangu mwaka ule ulianza kuniachia, na nikagundua nalia tena, mtu mzima, mbele ya geti.

Mugisha akatoka, akasimama kando yangu. Tukatazama upande wa mabwawa, ambako hakuna cha kutazama.

"Siku ile hukuitika," akasema. Hakuwa anauliza.

"Sikuitika," nikasema. "Nilikusikia mara zote mbili. Nilidhani si wewe. Nikajifungia ndani nikasoma Yasini mbili. Kamba nimeikumbuka mwisho. Nisamehe."

"Nilijua," akasema. "Saa ilikuwa mkononi mwangu, Mama Rukia, ilikuwa inatembea. Jibu lile la kamba nilikupa mimi. Nilikuona huna cha kusema."

Misimu tisa. Sikujua nikae au nisimame. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kusema, kwa nini alikubali kunywa chai na mimi miaka yote hiyo.

Mugisha hajibu haraka. "Fagio lilisimama," akasema. "Mimi nikashika bomba kwa sababu lilisimama. Nilijiambia, mama yule ananifuata. Kama ungeendelea kufagia, ningesema hakuna mtu, ningeachia." Kisha akaona hilo limekuwa zito kuliko alivyokusudia, akaongeza, "Lakini ulichelewa. Sana. Baridi ile bado iko hapa," akajipiga goti. Nikacheka na machozi yangu. Akaenda kupasha chai.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Mengine ya kazi mtafundishwa na Mugisha, ubao sasa ni wake, na penseli msimwazime. Kila mnapoingia, vaeni vibao vyenu vyekundu. Kamba asiziguse mtu, hata aje mwanachama na kambare wa kumshinda ngamia.

Fagio la chelewa nimeliacha nyuma ya mlango. Asubuhi za ukungu lichukueni mfagie pale mbele, hata kama hakuna uchafu, hata kama vibao vyote viko ukutani, kwa sababu huko ndani anaweza kuwepo mtu anayelisikia. Na ukiitwa, usihesabu. Itika kwanza, ndipo usimamishe fagio.